Panga Lililochomolewa Bila Maneno

Mama yangu,

Amahoro, amani ya Mungu, ikukute barazani na si kitandani, maana dada Hadija ameniambia goti limeanza tena. Goti hilo usilisikilize sana, lakini dawa uinywe. Mimi ni mzima. Baridi ya huku Wales imenikausha midomo, kikohozi kimeniacha, na kazi ya kuosha vyombo mkahawani bado ninayo. Nakula vizuri, ingawa mafuta ya huku hayana rangi wala harufu, na kila nikikaanga ndizi nahisi nimejidanganya mwenyewe.

Barua hii inaletwa na Esperansi, binti wa kutoka Kabezi tunayefanya naye kazi, anayekuja likizo. Ningeweza kupiga simu, lakini maneno ya simu mtu anaweza kuyakana, au akasema hakusikia vizuri. Karatasi hii nimeitia sahihi. Naomba mwalimu wa madrasa aisome mbele ya watu siku ya arobaini ya Baba, na Baba Mdogo Isa awepo, hata kama ni kumfuata kwake. Asisome yote. Nitaonyesha pa kuanzia.

Hadija amenieleza habari ya panga la Baba. Wewe unaijua desturi yetu kuliko mimi, lakini naiandika kwa sababu naona wako waliojifanya kuisahau. Mkubwa wa nyumba yetu akifa, panga lake la kukatia ngazi, ile mikungu ya chikichi, hupigwa kwenye shina la mchikichi wa zamani ulio mlangoni mwa shamba, likakaa hapo mpaka arobaini. Siku hiyo, majirani wakiwa wamekaa, atakayesimamia shamba hulichomoa. Kulichomoa si kazi. Kazi ni maneno, maana akiwa ameshika mpini lazima aseme kwa sauti: mjane namtunza, wana wa marehemu ni wangu, ahadi zake nazibeba, na mti siukati, nakata ngazi zake tu. Majirani wanaitikia, "Tumesikia." Wakishaitikia amefungwa. Akienda kombo, jirani yeyote anaweza kumsimamisha njiani akamuuliza.

Baba Mdogo amelichomoa Ijumaa, watu wakiwa msikitini. Hadija alimkuta ameshalifunga kwenye gunia, analipakia kwenye pikipiki. Akamuuliza, "Baba mudogo, na yale maneno utayasema lini?" Akajibiwa, "Maneno ya nini? Mupanga iko mu mukono yangu, na shamba iko yangu. Mambo imeisha." Tangu hapo amewakataza wakataji wasiingie, na ameleta watu wenye kamba wanapima viwanja upande wa barabara ya Nyanza-Lac. Michikichi ya Baba iangushwe, watu wajenge maduka. Mama, niliposikia hivyo nilivunja sahani, na si kwa bahati mbaya.

Nikampigia. Hakukana. "Weye uko mbali, mutoto wangu," akaniambia kwa sauti ya asali. "Asiyekuwepo na lake halipo. Sema tu umeniachia, niirekodi, tuishi vizuri." Nikamwambia sisemi. Akacheka. "Basi kuya uichomoe weye mwenyewe." Anajua wazi kwamba karatasi zangu za kukaa huku hazijatoka, na nikitoka sasa mlango utafungwa nyuma yangu. Alinigusa penye kidonda kwa kusudi.

Sasa nikupe kichekesho. Mbele ya mkahawa wetu kuna jiwe kubwa, na ndani yake umechomekwa upanga. Wageni wakimaliza kutembelea ngome ya zamani wanapanga foleni kuuvuta, wanaume wazima, mishipa ya shingo imewatoka, wake zao wanawapiga picha. Hautoki. Hauwezi kutoka, nimewaona mafundi walivyoukaza kwa saruji. Mimi ndiye ninayeupangusa asubuhi.

Mzee Emlyn, anayekata nyasi pale, alinipa hadithi yake tukinywa chai. Zamani sana nchi hii ilikosa mfalme, na kila mkubwa mwenye farasi alikitaka kiti. Ukaonekana upanga kwenye jiwe uwanjani mwa kanisa, na maandishi kwamba atakayeutoa ndiye mfalme wa haki. Wakubwa wakavuta, wapi. Siku moja kijana aliyelelewa na watu wasio wazazi wake akatumwa kumletea kaka yake silaha. Akaukuta ule upanga, hakuna mtu, wote wamekwenda kwenye michezo. Akautoa bila shida kama kisu kwenye papai, akampelekea kaka. Na yule kaka, Mama, alipoutambua alikimbia kwa baba yake akasema, "Nimeutoa mimi. Mimi ndiye mfalme."

Hapo nikaweka kikombe chini. Nikamwambia mzee, mtu huyo namjua, anakaa kwetu Rumonge.

Emlyn alicheka mpaka akakohoa, kisha akanieleza alichofanya yule baba. Hakubishana. Aliwarudisha wote kwenye jiwe, akataka upanga urudi mahali pake, akamwambia mwanawe, "Haya, utoe tena nikiona." Akavuta, akashindwa. Na hata kijana mwenyewe hakupata kiti kwa kuutoa tu. Wakubwa walimkataa, wakasema hajulikani katoka wapi, wakasogeza mambo kutoka sikukuu hadi sikukuu, mpaka watu wa kawaida wakachoka, wakapaza sauti kwamba wanamtaka huyo huyo. Ndipo akaapa mbele yao kuwatendea haki. Nimesugua masufuria siku nzima nikiwaza kwamba wazee wa huku na wazee wetu hawakuwahi kuonana, lakini waliwajua watu wa aina moja.

Mwalimu, anzia hapa, na usipunguze sauti.

Baba Mdogo Isa, nakuheshimu kwa kuwa wewe na Baba mmetoka tumbo moja. Panga ulilonalo ni chuma tu, kama yale ya sokoni. Siku ile ulikimbia maneno, kwa sababu unajua ukisema "mti siukati" mbele ya majirani, viwanja vyako vimekufa. Lirudishe kwenye shina. Kaa na watu, lichomoe tena, useme. Ukiyasema yote na majirani wakaitikia, mimi nitakuwa wa kwanza kukuita msimamizi. Usipoweza, kaa kando.

Na mimi nakaa kando. Najua wako wanaosema zamu ni yangu kwa kuwa mimi ndiye mwana wa kiume. Nakataa. Fungu langu la mirathi ni langu, lakini panga silishiki, kwa sababu sitakuwepo mjane akiugua wala ngazi zikiiva. Baba alipokuwa amelala kitandani, nani aliwasimamia wakataji? Nani alichemsha ngazi, akakamua mawese, akayapeleka sokoni, akarudi kumwogesha Baba? Nyote mliokaa hapo mnamjua. Ni dada yangu Hadija. Alikuwa anayatenda maneno yale kabla hajapata nafasi ya kuyasema. Mtasema hajawahi mwanamke kulichomoa. Ni kweli, basi ataanza yeye. Na kama Baba Mdogo amelificha panga, Hadija achomeke kisu cha jikoni kwenye shina lile lile, akichomoe. Mkiitikia, kisu kitatosha.

Mwalimu, murakoze, asante kwa kusoma. Yaliyobaki ni ya Mama.

Mama, najua utaogopa. Utasema ni shemeji yako, na kwamba mimi nasema kirahisi kwa kuwa niko mbali. Kuwa mbali kunaniuma, wala sikufichi. Kuna asubuhi naupangusa ule upanga wao nikilia, na wageni wanafikiri ni baridi. Lakini siku hiyo ukinyamaza, atasema hata mjane ameridhika. Usinyamaze. Hadija akimaliza kusema, sauti yako itangulie ya watu wote.

Msalimie shangazi Zuhura, dada yake Baba, na umwambie ndagala zake za kukaanga naziota. Msalimie shemeji Hamisi, mume wa Hadija, asione haya mkewe akishika mpini. Mpelekee habari mjomba Saidi, kaka yako wa Kabonga, aje na wavuvi wenzake wote. Kelele zao ambazo tumekuwa tukizilalamikia kila sikukuu, safari hii tunazihitaji.

Na watu wakimuuliza Hadija ni nani aliyempa ruhusa, asinitaje. Awajibu kwamba hakuomba.

Mwanao, mdogo wake Hadija,
Ramadhani