Vitwitwi Hawaji Julai

Jumatano, 12 Juni

Bango limebandikwa. Kubwa, la rangi, ukutani pale pale tunaposaini kuingia kazini. "Ndege wa Mabwawa Yetu na Wakati wa Kuwaona." Nilifurahi dakika moja nzima. Kisha nikavaa miwani.

Vitwitwi: Juni hadi Agosti. Bata wa kaskazini: Juni hadi Agosti. Mbayuwayu — Juni hadi Agosti! Kila chenye mbawa, Juni hadi Agosti!

Miaka kumi na moja nachota maji kwenye mabwawa haya ya majitaka. Chupa sita asubuhi, chupa sita jioni, na kila nikiinua mgongo naandika nilichokiona. Vitwitwi wanashuka Septemba, wamekonda, hawana hata nguvu ya kuogopa mtu. Wanaondoka Aprili wamenona. Mbayuwayu wanafuata Oktoba. Vibisi hawaendi popote, ila wanataga Novemba, mvua zikikolea. Madaftari manne. Nikamkabidhi afisa utalii kwa mikono yangu, mjinga mimi, nikijua anataka ukweli.

Tunamwita Tai. Jina linamkaa: tai anayo shingoni, macho ndiyo hana.

Na aliyechapa bango ni katibu muhtasi wake. Yaani wifi yangu! Anakula mezani kwangu kila Jumapili na hakutamka neno.

Ijumaa, 14 Juni

Nimekwenda ofisini kwa Tai. Nimesubiri tangu saa tatu hadi saa sita kwenye benchi, mkabala na wifi. Hakuinua macho kwenye kompyuta.

Tai kanipokea kwa tabasamu la kupigia picha. Kasema wageni wana likizo Juni hadi Agosti, basi na ndege wawe Juni hadi Agosti. Nikamwuliza kama ndege amewaandikia barua. Kacheka! Kasema, "Mama, umetusaidia sana, lakini utalii ni fani ya watu. Wewe ni mpima maji."

Mpima maji. Sawa. Maji nikiyapima nikaandika uongo, watu wanaharisha mji mzima. Yeye akiandika uongo anapigiwa makofi.

Mume wangu, kichwa kwenye cherehani: "Achana nao. Bango tu hilo." Bango tu!

Jumamosi, 6 Julai

Wageni wamekuja, magari mawili. Tai mbele na kipaza sauti.

Ndege waliokuwepo: yangeyange watatu. Kwarara mmoja, mgonjwa nadhani. Kunguru kwenye ua. Vibisi wamejificha kwenye matete, wala siwalaumu. Basi! Tai kanyoosha kidole kwenye mfuko wa plastiki unaoelea, kasema bata. Watu wakaupiga picha.

Kulikuwa na mama mmoja, mwalimu mstaafu, darubini ya zamani shingoni, kamba yake imeshonwashonwa. Kasafiri siku mbili. Kanisogelea wakati najaza chupa, kaniuliza polepole kama mtu anayeulizia mgonjwa: mwanangu, ndege wako wapi?

Nimemwambia ukweli. Oktoba, nikasema. Njoo Oktoba. Kasema likizo si shida tena, shida ni magoti. Oktoba hajui kama yatakubali. Kisha kakaa ukingoni akawaangalia wale yangeyange watatu saa nzima, kwa heshima, kama ndio aliowafuata.

Nimeona aibu ambayo si yangu. Ndiyo mbaya zaidi, sina pa kuitua.

Jumanne, 17 Septemba

Wamekuja! Saa moja kasoro, bwawa la tatu, vitwitwi arobaini na tatu. Baadhi walikuwa wanasinzia wamesimama kwenye tope. Nimewaambia karibuni. Kwa sauti! Mlinzi kanitazama vibaya.

Alhamisi, 10 Oktoba



Kaja injinia mpya, binti mdogo, kofia ya njano, buti safi. Kanisalimia vizuri, shikamoo na kila kitu. Ana karatasi. Bwawa la tatu litakaushwa, tope lizolewe. Linahitaji kweli, nimeliandika hilo mwenyewe kwenye ripoti mara tano. Lini? Tarehe nne Novemba.

Nikasema haiwezekani. Novemba vibisi wana viota, na viota vyao vinaelea! Ukifungua koki maji yanashuka, kiota kinakaa kwenye tope, mbwa wanamaliza. Na vitwitwi watakula wapi?

Kageuza ukurasa. Kasema sheria inawataka wachague miezi isiyo na ndege, na wamechagua. Kwa mujibu wa kalenda rasmi ya ofisi ya utalii — kanionyesha nakala ya lile bango — Novemba hakuna ndege.

Tumesimama ukingoni. Mbele yetu ndege mia tano, mia sita. Mmoja kapita juu ya kofia yake.

"Mama, mimi nawaona," kasema. "Lakini kibali kimetoka kwa karatasi. Niletee karatasi nyingine."

Barua moja tu ya afisa utalii, kwamba miezi imekosewa, naye anaahirisha hadi Mei. Sikutegemea kumpenda, lakini nimempenda.

Ijumaa, 11 Oktoba

Tai kasema ndiyo. Mara moja! Nikashangaa, nikaanza hata kumwonea huruma kwa yote niliyomtukana. Kasema wifi yangu ataandaa barua, nitaletewa.

Jumapili, 20 Oktoba

Nimeletewa. Wifi kaichomoa kwenye mkoba tukiwa mezani, kaiweka karibu na sahani yangu, kisha kakusanya vyombo kabla hatujamaliza kula.

Barua si ya Tai. Ni yangu! "Mimi, mpima maji wa mabwawa, nakiri kwamba kwa uzembe nilitoa miezi isiyo sahihi kwa ofisi ya utalii..." Mstari wa mimi kusaini. Chini, nafasi ya yeye kuandika "nimeona."

Kwa uzembe! Madaftari manne! Nimeandika nikiwa na homa, nimeandika siku tuliyomzika baba, nikiwa na nguo za msiba!

Nikamwuliza wifi kama mkono haukumuuma kuchapa neno hilo. Kasema, akiwa jikoni, hakugeuka: "Ungeuma ungenisaidia nini? Nikikataa mimi, kesho kiti kina mtu mwingine, na neno litakuwa lile lile."

Mume wangu kakaa katikati yetu kama mtu anayevuka barabara. Mwisho kasema saini, ndege wapone, sisi wa nyumbani tunakujua. Najua hakusema vibaya. Hilo ndilo lililonikera kuliko yote: ndege wakipona kwa uongo wanapona vile vile. Wao hawatajua nani alikosea.

Lakini mimi nitajua. Na mpima maji wa baadaye atakayetafuta ndege wa Septemba, atakuta nilikuwa mzembe.

Barua iko kwenye kabati chini ya shuka. Siisaini.

Alhamisi, 31 Oktoba

Siisaini. Nimekwenda kwa mkuu wa idara yetu. Yuko semina. Nimeacha ujumbe, mara ya tatu.

Kibisi wa karibu na koki anaatamia mayai manne. Nimehesabu kwa mbali.

Jumatatu, 4 Novemba

Naandikia hapa hapa ukingoni, daftari juu ya ndoo.

Gari la kuzolea tope liko getini, injini inanguruma. Vibarua wawili wameketi juu ya gurudumu la koki. Yai moja limeanguliwa: kale katoto kana michirizi, kamekaa mgongoni mwa mama yake.

Injinia kaniambia ana hadi saa nne. Kaniuliza kama nimeleta karatasi. Nimeleta. Imekunjika kwa kukaa chini ya shuka. Kanipa kalamu yake, kageuza uso ili nisaini bila kutazamwa. Binti ana adabu.

Nimeweka kalamu kwenye mstari. Nimeandika herufi ya kwanza ya jina langu. Kisha nikarudi mistari ya juu. Nikakata "kwa uzembe." Nikakata "isiyo sahihi." Nikaandika: nilitoa miezi sahihi, ikabadilishwa, na aliyeibadilisha ni huyu anayetakiwa kuandika "nimeona" hapa chini. Kisha Septemba, Oktoba, Novemba, kila ndege na mwezi wake, hadi pembezoni, hadi nyuma ya karatasi. Nikasaini jina langu lote na la baba.

Injinia kaisoma. Mara mbili. Kasema hii si barua tuliyokubaliana. Nikasema najua.

Kaangalia saa. Kawapungia wale vibarua mkono, sikuelewa kama ni "subirini" au "anzeni." Wamesimama.

Sasa anapiga simu kwa mkubwa wake. Anatembeatembea, kidole kimoja sikioni. Naona mgongo wake tu. Anapaza sauti: "Hapana, mzee, sikusikii! Ndege, ni wao hao! Ndiyo, hapa, sasa hivi — wamejaa, hata sijui niweke mguu wapi —"