Mahandaki ya Bibi Agata

Mbinga, Jumamosi, Machi. Mvua tangu alfajiri, imekatika saa nane tu. Nimefika nyumba ya wageni nikiwa na tope mpaka magotini, na hasira juu yake.

Mliozoea kupita humu mnaujua ugonjwa wangu. Walimu wenzangu wakipata wikiendi wanakwenda kusimamia mafundi wa nyumba zao. Mimi nakwenda kutazama maboma ya Mjerumani na vyumba vya makumbusho ya vita. Na karibu kila mahali nimerudi nikidharau. Ni bunduki yenye kutu, picha ya askari asiye na jina, kitabu cha wageni, na mtu wa kukuambia usiguse.

La leo liko kilimani, barabara ya kuteremkia ziwani. Kwa miaka mingi boma hilo lilikuwa ghala la kahawa la ushirika. Ushirika ulipokufa na wanunuzi binafsi wakaja na mizani zao, likabaki la popo. Sasa kuna habari za mwekezaji anayetaka hoteli kule ufukweni, na wageni wake lazima wapate cha kuona njiani. Basi watu wa halmashauri wamepiga chokaa, wakaweka meza tatu, wakaita Makumbusho ya Vita.

Mezani kuna kombora la Mjerumani. Nimeinama kulitazama. Limechorwa "kilo 20". Ni jiwe la mizani ya ushirika, limepakwa rangi nyeusi na kuwekwa juu ya kitambaa chekundu. Pembeni kuna picha ya askari waliopanda ngamia, eti wakiteremka kwenda Ziwa Nyasa. Ngamia, Mbinga! Nimecheka peke yangu mpaka Dada Skola, msimamizi wa pale, akaniuliza kama niko salama.

Kilichofuata hakikunichekesha.

Nyuma ya boma, ubavu mzima wa kilima umezungushiwa seng'enge. Bango limeandikwa hivi: "MAHANDAKI YA MJERUMANI. Hapa ardhi yenyewe ilijichimbia makaburi, ikingoja risasi ambazo hazikufika. Ni marufuku kulima." Nimelisoma mara mbili. Nimejiambia kwamba aliyeandika hivi anajipenda mno.

Nje ya seng'enge alisimama bibi mmoja, kitenge kimelowa, jembe begani. Nikamwamkia. Akaitikia marahaba, akaniuliza kama natoka ofisini. Nikamwambia mimi ni mwalimu wa historia tu, natembea. Jina lake Bibi Agata.

"Mahandaki!" akasema, na kulitemea mate neno lenyewe. "Mwanangu, mimi nimeolewa hapa, nimezaa hapa. Vita niliyoiona mimi kilima hiki ni ya magugu na ngedere. Hizi ni ngoro zangu."

Nikatazama tena, na safari hii nikaona. Kwa asiyejua: Wamatengo, wenyeji wa milima hii, hufyeka majani, huyalaza kwa miraba mteremko mzima, kisha huchimba udongo wa katikati na kuyafukia. Yanabaki matuta manne na shimo katikati, la kukamata maji ya mvua yasiondoke na udongo. Maharage hupandwa juu ya matuta. Zilikuwa ngoro, mamia yake, zimeota nyasi kwa kupumzishwa tu. Mwanafunzi wa darasa la pili wa Mbinga angekwambia bila kuulizwa.

Bibi Agata hana ubavu mwingine wa kilima. Ngoro huchimbwa Machi, mvua zikiwa zinaelekea kwisha. Mwezi huu ukipita na seng'enge ikiwa pale, hana maharage mwaka huu, na mahindi ya Novemba hayana tuta la kukaa. Amekwenda ofisi ya halmashauri mara tatu. Wanamwonyesha karatasi, wanamwambia mambo haya yameandikwa na wataalamu.

"Mwalimu, wewe unajua kuandika," akaniambia. "Waandikie basi. Wewe watakusikia."

Nimerudi ndani nikiwa nachemka. Nikavuta kitabu cha wageni, na pale penye safu ya maoni nikaandika kwa herufi kubwa: "Aliyeandika bango la nje hajawahi kushika jembe wala kusoma historia. Ni mjinga mwenye maneno matamu." Nikatia jina langu kamili, shule yangu na sahihi. Niliona raha, siwezi kuficha.

Dada Skola akasoma, uso ukamshuka. Akasema hawakutunga wao. Akaingia chumba cha ndani, akarudi na jalada, akalifungua mbele yangu kwa adabu zote.

"Ni huyu mtaalamu wa maboma, mwalimu. Tumemtoa kwenye intaneti. Yeye ndiye aliyeyagundua."

Ilikuwa karatasi moja iliyochapwa, yenye picha ya kilima kwenye ukungu. Kwenye kona ya picha kinaonekana kioo cha pembeni cha gari. Chini yake yako yale maneno ya ardhi kujichimbia makaburi, neno kwa neno. Na juu kabisa, jina la blogu.

Blogu hii.

Niliandika miaka minne iliyopita. Nilikuwa ndani ya pikapu, nateremka kwetu Lundo, ziwani, kwenye harusi ya binamu. Hatukusimama hata dakika moja. Nilimuuliza dereva mashimo yale ni ya nini, akasema ya zamani hayo. Mjerumani nilimwongeza mimi, kwa sababu boma lilikuwa juu yake na sentensi ilikuwa inakwenda vizuri. Mlinisifu sana kwenye maoni. Nilizirudia sifa zile mpaka nikazikariri, ila sentensi yenyewe nikaisahau.

Wamatengo hututania sisi wa ziwani kwamba shamba kwetu ni mchanga uliochomekwa mihogo. Siku zote nimekuwa nikiwajibu. Leo wamenipata. Kwetu shamba ni tambarare, na mtoto wa dagaa na mihogo alipoona mteremko umejaa mashimo, akili ilimtuma kwenye bunduki.

Nisichoweza kujisamehe si hicho. Humu sitii jina langu, kwa hiyo Dada Skola hakujua anaongea na nani. Akaniuliza, "Unamfahamu?" Nikamjibu, "Simfahamu vizuri."

Mtu wa miaka arobaini na sita. Nimewacheka watu kwa jiwe la mizani, na kumbe kitu cha uongo kuliko vyote pale kilimani nimekiweka mimi. Jiwe lile halijamnyima mtu maharage.

Nilipotoka, Bibi Agata alikuwa bado pale. Akauliza, "Umewaandikia?" Nikasema, "Nimeandika, bibi." Akanishika mkono wangu kwa mikono yake miwili, akanipa mahindi mabichi mawili kutoka kwenye kikapu chake. Nikayapokea. Nikapanda gari.

Yako hapa mezani sasa. Mhudumu amesema atanichomea, nimemwambia asubiri kwanza.

Nilitaka kulifuta andiko lile la zamani, kisha nikaona nitakuwa nafuta ushahidi dhidi yangu tu, maana karatasi yao iko jaladani. Hawa watu wanaamini kilichoandikwa. Basi naandika: mashimo ya kilima kile si mahandaki, wala hakuna Mjerumani aliyeyachimba. Ni ngoro. Ni shamba la Bibi Agata. Aliyesema vingine ni mimi, Ezekia Mapunda, mwalimu wa historia, na nilisema bila kushuka kwenye gari.

Jumatatu duka la steshenari likifunguliwa nitaichapa hii na kuipeleka ofisini mwenyewe. Mkuu wa shule atanuna. Na yale niliyoandika kwenye kitabu cha wageni sitaomba yafutwe. Kila neno la pale ni sahihi.

Lakini kabla ya Jumatatu iko Jumapili. Kesho Bibi Agata atakuwa misa ya kwanza, na mimi Mwanglikana nitasimama nje ya kanisa la Wakatoliki, kwenye tope, nikingoja watoke. Tangu saa kumi natafuta maneno ya kumwambia. Mimi ninayejua kuandika.

Nimepata moja tu. Shikamoo.