Tumbo la Mkanda

Baba Vero,

Huu mwandiko ni wangu, usitafute wa mtu mwingine. Darasa la nne langu ulilokuwa unalicheka ndilo linaloandika, tena kwenye daftari lako la samaki. Kama unaona vibaya, inuka uje uninyang'anye.

Samaki wako amevimba tumbo. Yule Mkanda, mweusi mwenye mstari wa njano kiunoni, uliyemtoa ziwani Karema kwenye ndoo, umeikumbatia njia nzima kama mtoto mchanga. Mimi nilijua kitoweo, nikabandika sufuria. Ukanifokea mbele ya wageni: "Mama Vero, huyu haliwi, huyu anatazamwa!" Mtaa mzima wa Nsemulwa ukacheka. Mwanaume mzima, amestaafu reli, ananunua sanduku la kioo la kutazamia samaki! Mpaka leo sijaelewa.

Walikuwa watatu, unakumbuka. Siku za msiba wako umeme ulikatika, ile pampu ya hewa ikanyamaza, na mimi nilikuwa chini mkekani na wanawake wenzangu. Wawili wakafa. Akabaki yeye. Nikasema huyu ni mfiwa mwenzangu, hapana, huyu hafi mikononi mwangu.

Basi nikamwona anazunguka kutwa analamba mawe. Mawe, Baba Vero! Nikasema maskini ana njaa, huyu mzee alikuwa anamtesa. Nikatwanga dagaa laini, nikampa asubuhi na jioni. Alikula huyo! Tumbo likaja, likapendeza, nikafurahi. Mama Shija wa nyumba ya pili akachungulia akasema, "Huyo ana mimba, shoga, andaa uji." Nikaitangaza hiyo mimba mpaka kwenye jumuiya.

Halafu akakataa chakula. Anachukua unga wa dagaa, anautema. Anasimama pembeni juu, anahema harakaharaka, na nyuma ananing'iniza kitu cheupe kirefu kama uzi wa kushonea. Mimba gani hiyo?

Ndipo nikafungua daftari lako, nasoma kwa kidole, neno moja moja. Umeandika: "Jike hubeba watoto mdomoni. Akibeba, hali chakula." Mdomoni! Nikachanganyikiwa zaidi. Sasa hali kwa sababu amebeba, au hali kwa sababu anaumwa? Nikatazama mashavu, yamebonyea, hayana kitu. Kilichojaa ni tumbo. Ukaandika tena mtu amtazame kwa juu, magamba yakisimama basi ugonjwa umefika mbali. Nikapanda stuli, uzee huu, nikainama juu ya kioo. Naona yamelala. Au yamesimama kidogo. Miwani yangu unaijua.

Ukurasa wa pili ndio umeniua. "Hawa hula kijani cha kwenye mawe. Dagaa na nyama huwaharibu utumbo. WASIPEWE." Umepiga mstari mara mbili. Pembeni umeandika: "Mwambie Mama Vero."

Hukuniambia. Au uliniambia nikiwa napepeta mchele, nikasema "mm." Sijui. Hilo nalo sijui.

Nikaenda Shanwe, duka la dawa za mifugo. Binti wa pale akacheka kwanza: "Bibi, sisi tunatibu ng'ombe." Alipoona sicheki akaacha. Akauliza, "Ulikuwa unampa nini?"

Nikakaa kwenye gunia la pumba, Baba Vero.

Maana ndivyo alivyouliza daktari wako hospitali. Na mimi nilimjibu kwa maringo! Nikamtajia wali wa Mpimbwe, karanga za kusaga, maziwa, nyama kila Jumapili. Tumbo lako lilipoanza kuja mbele nilitembea kichwa juu. Wanawake kanisani walisema, "Mama Vero, mzee ananawiri," nami nikaongeza sahani. Mkanda wako wa suruali ulipogoma kufunga, tundu jipya nilitoboa mwenyewe kwa msumari wa moto. La pili pia mimi. Mikono ilikuwa inakonda, nikasema uzee. Ulisema, "Nimeshiba, mama." Nikasema, "Maliza." Ukamaliza. Mwanaume mbishi wewe, ulibishana na mabosi wa reli, kwa nini sahani yangu hukuibishia?

Baadaye daktari alisema ni ini, lilikuwa limeoza siku nyingi, si chakula changu. Nikaitikia. Lakini kama si chakula, aliuliza ya nini?

Yule binti akasema nimtenge Mkanda peke yake kwenye beseni, maji yaliyolala usiku kucha, chumvi ya haluli, ile ya kulainisha tumbo, kijiko kidogo kwa ndoo nzima, hewa iendelee. Na kioo nikipunguze maji, niweke mapya. "Na chakula usimpe kabisa, siku tatu. Usimwonee huruma, bibi." Mimi! Nimlaze mgonjwa na njaa! Mama yangu angenipiga. Kila nikipita na kopo la dagaa mkono unawasha. Siku ya pili nikampa Mama Shija lile kopo, akapikie mboga, lisinitazame.

Leo ni ya tatu. Asubuhi nimekuta ameangusha uchafu mweusi chini ya beseni, mrefu. Nimeshangilia kinyesi cha samaki, ona ulikonifikisha. Tumbo limepungua, au nimelizoea. Nikatumbukiza jiwe lake moja. Akashuka, akaligonga mara moja kwa mdomo, akarudi juu. Kugonga kule ni kupona? Ni kuaga? Wewe ndiye uliyekuwa unajua, na wewe ndiye huyo umelala.

Nimepanga mawe kwenye karai la maji uani, juani, yaote hicho kijani. Watu wanapita wananiuliza, "Bibi, unapika mawe?" Nawaambia ndiyo, nyie hamjaalikwa.

Naishia hapa, mkono umechoka na karatasi yako nimeiharibu vya kutosha. Ahadi yangu ni hii: akipona atalamba mawe yake, hata yakinichefua, na akigeuza uso sitamlazimisha. Asipopona nitamzika hapo karibu na mchaichai wako, sitambandika jikoni.

Lala, Baba Vero. Umeshiba. Nimesikia.

Mimi mkeo,
Mama Vero