Usinipe Mkono

Maskati, 4 Februari 2024

Mama, shikamoo. Magoti yameamkaje? Mimi mzima. Bibi ninayemtunza huku naye hajambo, ila hatoki kitandani. Kaka Nzai kaniambia bado unaponda kokoto machimboni. Mama, tafadhali, weka nyundo chini. Nzai ameoa, Purity atateka maji, atafua, atapika. Wewe kaa. Umetulea kwa mawe, inatosha.

Mwanao, Kanze

Mwakirunge, 25 Februari 2024

Marahaba mwanangu. Tu wazima, jua tu ndilo kali. Nyundo Nzai ameshaificha. Nikishika ndoo, Purity anakuja mbio, "Keti mama, watu wataninenea!" Unajua kwetu, mama mkwe akionekana na ndoo kichwani, mkaza mwana hupita kwa aibu. Basi nimeketi, na kuketi huku kunanichosha kuliko mawe. Anayeniandikia ni Purity mwenyewe, nimemwambia asiruke neno.

Mamako

Mwakirunge, 11 Agosti 2024

Kanze, u mzima? Ujumbe wa Juni hukuujibu, sijui una nini. Hapa nakula, nalala. Ila Jumapili kanisani wimbo ulipoanza watu wote walisimama, mimi nikabaki. Nilijaribu, miguu ikakataa. Mchungaji akadhani nimezama kwenye maombi, akanisifu mbele ya watu. Nyumbani nililia. Daktari hakuona ugonjwa. Sasa nguvu zimeenda wapi? Naogopa, mwanangu.

Mamako

Maskati, 13 Agosti 2024

Mama, shikamoo. Ujumbe wako umenikosesha raha, natembea tu chumbani. Nilimuuliza mtaalamu wa mazoezi anayekuja kwa bibi. Anasema ndani ya kila chembe ya msuli mna kama majiko madogo, jicho haliyaoni, yanayogeuza chakula na pumzi kuwa nguvu. Uzeeni hufifia na kupungua, na kukaa tu kunayazima upesi zaidi. Msuli ukifanya kazi, hata wa mzee, huyawasha na kuongeza mengine. Si yote, wala si kwa siku moja. Bibi huyu alichelewa kuanza.

Mimi ndiye niliyekukalisha, mama. Inuka kitini, keti, inuka tena. Purity, unayesoma haya, nakuomba umwachie ndoo. Desemba nakuja. Nisikukute kitandani.

Mwanao, Kanze

Mwakirunge, 2 Novemba 2024

Marahaba mwanangu. Purity alinuna, kisha akaniletea kidumu kidogo mwenyewe. Kisimani jirani yetu Nyale akamsema eti ananitumikisha. Nikamjibu mimi, "Nimetumwa na mwanangu, msubiri Desemba umseme yeye."

Asubuhi nainuka na kuketi mpaka kuku wananishangaa. Siku nyingine miguu inatetemeka, nashika meza, namtukana aliyebuni viti. Jumapili iliyopita kanisani nilisimama ubeti wa mwisho.

Ukija utanikuta nimeketi, maana ndivyo mzee anavyopokea wageni hapa. Usiniinamie, usinipe mkono. Simama mlangoni. Hata nikichelewa kuinuka, ningoje.

Mamako