Shimo la Mzee Kaimenyi

Makutano, Meru
4 Februari 2025

Dada Caroline,

Natumaini wewe na watoto mko salama, na kikohozi cha Mama kimepungua. Mimi ni mzima, kazi tu ndiyo inanisumbua. Unajua nauza karatasi nzito za plastiki za kutandika ndani ya mabwawa ya shamba ili maji yasinywee. Kuna mteja huko Kiirua, Mzee Kaimenyi, mkulima wa viazi. Shimo alishachimba, kubwa, na liko tupu. Kila nikienda ananipa chai, ananisikiliza mpaka mwisho, kisha anasema, "Wacha nifikirie kwanza. Pitia wiki ijayo." Nimepitia mpaka mbwa wake amenizoea. Nimeshusha bei, wapi. Meneja anataka jibu. Wewe umeuza dawa na mbegu kwenye duka lako la agroveti miaka mingi. Mtu kama huyu unamfanyaje?

Ndugu yako,
Gedion

Kanja, Embu
9 Februari

Gedion mdogo wangu,

Huku tuko sawa. Mama amepona, jana alienda kanisani kwa miguu.

Huyo mzee shida yake si bei, kwa hivyo acha kuishusha. Mtu akisema atafikiria, mara nyingi kuna jambo anashindwa kulitaja. Usimuulize kama atanunua. Muulize ni nini kinamzuia, halafu unyamaze. Hapo ndipo nyinyi vijana mnaharibu: kimya kinawatisha, mnaanza kusifu mali tena. Kunywa chai yako, ungoje. Na umwambie hata akikataa hutakasirika.

Dada yako,
Caroline

Makutano
12 Februari

Dada,

Nisamehe, leo siulizi habari za nyumbani.

Nilimuuliza Mzee vile ulisema, nikanyamaza. Mkewe, Mama Igoki, alikuwa amesimama mlangoni na chupa ya chai.

"Mjukuu wetu alizama kwenye hilo shimo," akasema Mama Igoki. "Mvua ya Aprili ilikuwa imelijaza."

Caroline, nimesimama kando ya shimo hilo mara ngapi, nikilipima kwa kamba, nikiwaambia litabeba maji mengi. Nilikuwa nikicheka. Mama Igoki aliweka chupa chini, akaingia ndani. Mzee akaniambia hawajalitaja tangu mazishi. Kulitumia hawezi, na kumwambia mkewe walifukie anaogopa, kwa sababu ni yeye aliyelichimba. Kila nikija alidhani siku hiyo atapata nguvu ya kunikatalia.

Nilitoka bila kuaga vizuri. Nifanye nini?

Mdogo wako,
Gedion

Kanja
13 Februari

Gedion,

Nimesoma ujumbe wako nikiwa dukani, nikafunga duka. Sikujua swali langu lingefungua kitu kama hicho. Rudi. Usibebe karatasi wala kalamu. Wape pole, basi.

Dada yako,
Caroline

Makutano
20 Februari

Dada Caroline,

Nawasalimu nyote. Mimi ni mzima, ila mgongo unauma.

Nilirudi Kiirua. Mama Igoki ndiye aliyenifungulia lango, akaniuliza kama nimekuja kuuza. Nikamwambia nimekuja kuwapa pole. Alinitazama, halafu akamgeukia mumewe aliyekuwa amesimama nyuma yake.

"Mwambie hatutaki," akasema. "Kisha mlifukie."

Mzee aliketi palepale kwenye nyasi, akalia. Baadaye akaenda kuleta sepetu mbili. Tumefukia siku nzima na bado halijajaa, kesho narudi. Meneja nimemwambia mteja amekataa.

Ndugu yako,
Gedion