Chombo cha Mkwaju Mdogo

Jumatatu, 3 Septemba 1934. Shinyanga.

Nimeumwagilia mkwaju wa baba mkwe asubuhi, kama kawaida. Maji yakatoka yote chini. Debe limeliwa na kutu, nikilishika linamomonyoka. Sikumwambia. Alijua mwenyewe, alisikia maji yakimwagika.

Mti wenyewe haunifiki magotini. Aliung'oa kwenye ufa wa jiwe zamani, kabla hajapofuka. Mbuzi walikuwa wameutafuna mpaka ukadumaa. Alipokuwa mpishi Unguja aliona kwa bwana mmoja mti wa Kijapani, mti mzima unaokaa mezani, na hakuusahau. Huu wake anaupunguza matawi kwa kupapasa. Anazungumza nao. Mimi hazungumzi nami. Akinihitaji ananiita "mke wa Rashidi".

Alhamisi, 6 Septemba

Dereva wa lori ameleta salamu za Rashidi. Amepata nyumba huko Geita, kwenye machimbo anakofanya useremala. Tutafuatwa mwezi ujao, mimi na baba yake. Nimefurahi mno. Sijamwona mume wangu tangu mavuno.

Baba mkwe amesema haendi. Debe litasambaratika njiani, mti utakufa, basi na yeye afie hapa hapa. Chakula cha mchana hakugusa. Nilikasirika. Baadaye nikamhurumia.

Jumamosi, 8 Septemba

Sokoni kutafuta chombo. Nimerudi na chungu cha kupikia. Akapitisha mkono: mdomo unabana, mizizi ikijaa tumboni mti hautoki mpaka chungu kivunjwe. Nikapewa na jirani bakuli la bati la maua. Halina tundu, akasema, na juani litawaka moto. Nikasema tulitoboe kwa msumari. Akasema rangi itabanduka, kutu itaingia, tutarudi kule kule.

Mwisho bakuli la kaure kutoka dukani kwa Mhindi. Zuri, nililipenda mimi mwenyewe. Akaniuliza rangi yake. Nikamwambia buluu, inang'aa. Akanirudishia.

"Watu watatazama bakuli. Nataka wautazame mti."

Na yeye haoni. Niliingia jikoni, nikalia kidogo.

Jumatatu, 10 Septemba

Nimesema. Kwamba mama yangu ni mfinyanzi. Kwamba anaweza kumfinyangia chombo kama anachokitaka, lakini lazima amweleze mwenyewe.

Baba mkwe hajawahi kukanyaga kwetu. Hakutaka mwanawe aoe Msukuma wa shamba. Hata arusini hakuja. Akarudi kupapasa matawi ya mti wake, nikadhani nimeharibu. Kisha akauliza kama mama atampokea. Nikamjibu sijui. Ndiyo kweli, sijui.

Jumatano, 12 Septemba

Tumekwenda. Kwetu mkwe hashikwi mkono, kwa hiyo yeye alishika ncha moja ya fimbo na mimi nyingine. Njia nzima hakulalamika.

Mama alikuwa anakanda udongo. Alipomwona, mikono ikasimama. Baba mkwe akavua kofia yake. "Mwangaluka, mayu," akasema. Salamu ya asubuhi ya Kisukuma kwa mama, kaitamka vibaya sana. Sijui amejifunza wapi. Mama akacheka mpaka akajifuta macho kwa mkono wenye tope.

Wakafanya kazi. Mimi nikawa mkalimani, halafu hawakunihitaji. Akamwonyesha kwa viganja: kipana kama kikaango, kina kifupi, miguu mitatu kisikae chini, matundu matatu ya maji. Mama akampa udongo mbichi aupapase. Tulikula ugali hapo hapo. Alikula sana.

Alhamisi, 20 Septemba

Debe limeachia. Mti umelala uani, mizizi wazi. Nimeufunga kwa gunia lililolowa, nalinyunyizia kila nikipita. Nikatuma mtu kwa mama kuuliza chombo. Kimepasuka motoni. Anafinyanga kingine, na udongo hauharakishwi kukauka.

Jumapili, 23 Septemba

Majani yanapukutika. Anayaokota sakafuni kwa vidole, moja moja.

"Umeniulia mti," ameniambia.

Nilifua nguo ambazo hazikuwa chafu. Nimeumia. Naogopa ni kweli.

Jumatano, 3 Oktoba

Mama ameleta mwenyewe, kichwani, kimefungwa kwa kanga. Rangi ya kahawia, haking'ai. Baba mkwe akakigonga kwa ukucha akasikiliza. Akatia vidole kwenye matundu. Akakizungusha, akakinusa, akakiweka shavuni.  

Mizizi ilitakiwa kupunguzwa ndipo iingie. Akaipapasa yote, hakukata. Akanipa kisu. Nikasema sithubutu. Akanishika mkono, mkono wenyewe, akauongoza mpaka kwenye mzizi mnene.

"Hapo, mwanangu. Kata."

Nikakata. Mama akageuka akatazama pembeni, kwa heshima. Tukatia kokoto, udongo, changarawe. Mti ukasimama kama umezaliwa humo. Hauna hata jani.

Alhamisi, 11 Oktoba. Geita.

Lori, vumbi, mawe. Alikaa mbele na dereva, chombo mapajani, hakukiachia hata tulipokwama. Rashidi alitupokea kwa furaha. Amekonda, lakini mzima. Akautazama mti akacheka, akauliza kama tumekuja na kuni kutoka Shinyanga. Baba yake akainamisha uso.

Nilimwambia mume wangu asirudie. Sijawahi kumsemesha hivyo. Akashangaa, kisha akaenda kutengeneza kijimeza cha kuuwekea dirishani.

Jumapili, 21 Oktoba

Bado. Baba mkwe ameacha kuuliza. Mimi nautazama kila asubuhi kabla hajaamka, ili nijue nitamwambia nini.

Jumamosi, 27 Oktoba

Mvua ya kwanza alfajiri. Nilikuwa nampelekea chai nikaona kitu kwenye tawi la chini, kijani, kidogo kama punje ya ulezi. Na kingine juu yake. Nikamwita.

Akapapasa, hakuhisi. Miaka ya majiko imevifanya vidole vyake vigumu. Akaniomba nisogeze chombo karibu na uso wake. Akainama, akaugusa mti kwa mdomo, taratibu, tawi kwa tawi, mpaka akafika.

Akakaa hivyo. Chai ilipoa. Sikuipasha moto, nisije nikamwondoa pale.