Nilisomea ndege communiqué ya Commandant

Mbau, siku ya ine. Jua kali, na roho yangu inacheka peke yake.

Leo ni siku ya kumi tangu Commandant wa basoldat abandike communiqué, tangazo ya kukataza makelele, saa sita mpaka saa tisa mchana. Kutwanga hapana. Redio hapana. Kuitana toka shamba hadi shamba hapana. Anasema ni sécurité, usalama. Sisi bote tunajua ni usingizi: usiku anachunga barabara, mchana analala mu nyumba ya mwalimu, kando ya mupunga yangu.

Lakini mupunga inaiva, na ndege habakusaini kitu.

Nilitii. Nilikaa kimya, bidon tupu ya kupiga ngoma ya kufukuza ndege kwa magoti, nikiangalia vile banakula. Bamemaliza upande wote wa mto. Saa sita banaijua kuliko Commandant mwenyewe.

Nakubali, niliogopa. Mama Kavira, jirani yangu, alitwanga sombe, majani ya muhogo, saa saba, basoldat bakavunja kinu yake. Lakini hii mupunga ndiyo chakula ya mwaka, mimi na muke wangu. Hii kaye ninamoandika ikifika mujini, baiweke kwa blogi, labda mupunga itakuwa imevunwa, ao imeliwa.

Asubuhi nikasoma tena communiqué kwa mulango wa kanisa. Chini kabisa imeandikwa: kila mwenye kujua kusoma asomee basiojua, kwa sauti kubwa.

Aa!

Nikaibandua. Saa sita kamili niko juu ya kichuguu, katikati ya shamba. Niliishia mwaka wa ine ya masomo ya primaire, donc nasomaka silabi kwa silabi, na kwa nguvu.

"Ba-ra-i-a bo-te!"

Ndege zote juu.

Soldat akakuja mbio. "Papa, tika, acha makelele! Commandant analala!"

"Makelele gani, chef? Ni sheria yenu. Nasomea basiojua kusoma."

"Hawa ni ndege!"

"Ndiyo. Hakuna hata mumoja alifika primaire."

Akaninyang'anya karatasi, akaikazia macho. Aliishika kichwa chini.

Donc nikamusomea naye. Polepole. Kwa sauti kubwa, vile imeandikwa. Dirisha ya mwalimu ikafunguka, Commandant akatoa kichwa, akasikia maneno yake mwenyewe, akafunga.

Soldat akaenda na karatasi. Hajui kama nimeisha kuishika yote kwa kichwa.

Labda kesho batanivunja kama ile kinu. Sijui. Lakini saa sita batanikuta juu ya kichuguu.

Leo sikumaliza hata article, kifungu ya kwanza ya ile sheria.